Mpimeni Macho, Msimpime Mvi: Kuhusu Madereva Wazee na Hofu Zetu

Jioni moja mwaka jana baba yangu, mwenye umri wa miaka 76, aligonga pikipiki kwa nyuma alipokuwa akiingia Igoma akitokea Magu. Alikuwa na pikapu yake ya siku zote, nyuma amebeba magunia matatu ya viazi vitamu na kuku wawili wa wajukuu. Kijana wa bodaboda alianguka, akachubuka kiwiko na goti, kisha akanyanyuka mwenyewe. Nilipofika, yapata dakika 40 baadaye, nilikuta watu wamelizunguka gari na kesi imekwisha kuamuliwa. "Mzee wangu, si ukae nyumbani ulee wajukuu?" alisema mmoja kwa upole. Mwingine, asiye na haja ya upole, alisema wazee wote wanaoendesha wabandikiwe alama kwenye kioo ili watu wakae nao mbali. Kauli hiyo ilipata waungaji mkono wengi. Baba alikuwa amesimama pembeni, funguo mkononi, kimya.

Katika siku zilizofuata yalijulikana mambo mawili. La kwanza, daktari wa macho alimkuta baba na mtoto wa jicho katika jicho la kulia, kiasi kwamba taa za magari yanayokuja mbele usiku humtawanyikia kama moto wa kuni mbichi. La pili, pikipiki ile haikuwa na taa ya nyuma, na kijana aliyekuwa akiiendesha hakuwahi kupata leseni. Sitaki kumpunguzia baba lawama: dereva mwenye macho mazima angeweza kuiona pikipiki ile kwa taa zake mwenyewe. Lakini pale barabarani hakuna aliyeuliza habari za macho, wala za taa, wala za leseni. Kilichoulizwa na kujibiwa kilikuwa umri.

Nimekuwa nikilitafakari tukio hilo kama mtoto wa mzee anayeendesha, na pia kama mtu ambaye kazi yake ni kufundisha historia. Je, madereva wazee wawekewe kitambulisho maalumu? Je, warudiwe kupimwa kila baada ya muda fulani? Hoja ninayoijenga hapa ni kwamba maswali haya mawili ni tofauti na yanastahili majibu tofauti. Kuhusu alama, historia ya kanda yetu ya Ziwa inatutaka tuseme hapana bila kusitasita. Kuhusu kupimwa, jibu langu ni ndiyo, kwa masharti mawili: kwamba kila dereva apimwe kwa kiasi cha hatari iliyopo, na kwamba anayeshindwa kipimo asiachwe njaa.

Kizazi kilichoendesha pamba

Tuanze na kuwajua hao wazee. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, lakini reli haikufika kwenye mashamba. Pamba ya Usukuma ilitoka vijijini kwa migongo ya watu, kwa mikokoteni ya ng'ombe, na kadiri miaka ilivyosonga, kwa malori. Shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililoundwa mwaka 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, liliwaweka wakulima wenyewe katika biashara ya kukusanya na kuchambua pamba. Biashara hiyo ilihitaji magari, na magari yalihitaji vijana. Hivyo ndivyo udereva ulivyopata kuwa kazi ya heshima katika Magu, Kwimba, Geita na Sengerema. Kijana alianza akiwa utingo, akilala juu ya magunia, akijifunza gia kwa kuangalia mguu wa dereva wake, hadi siku alipoachiwa usukani.

Baba alianza utingo mwaka 1967, akiwa na miaka 18. Alipata leseni mwaka 1972. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Usalama Barabarani, Na. 30 ya 1973, ambayo pamoja na marekebisho yake ndiyo bado inayotutawala barabarani. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na vilipokuja kurejeshwa katika miaka ya 1980 baba alikuwa tayari anaendesha malori ya watu binafsi. Aliendesha kwa mapatano ya mdomo, bila mkataba wa maandishi na bila mchango wa mfuko wowote wa hifadhi ya jamii, kwa takriban miaka 30. Tajiri wake wa mwisho alimuaga kwa kumkatia bei ya lile pikapu.

Naomba msomaji alishike jambo hilo, kwa kuwa nitalirudia. Mtumishi wa umma anapofikisha miaka 60 sheria humtaka astaafu, na maprofesa na madaktari bingwa wameruhusiwa kufika 65. Dereva wa lori wa kizazi cha baba hana tarehe ya kustaafu kwa sababu hana mahali pa kustaafia. Anaendelea kuendesha kwa sababu usukani ndio pensheni yake. Kwa hiyo tunapomtazama mzee wa miaka 76 barabarani jioni na kumwona mkaidi, mara nyingi tunatazama matokeo ya ajira isiyo na mkataba.

Ziwa limetufundisha nini kuhusu umri

Hatua chache kutoka mahali baba alipogonga pikipiki hakuna asiyejua kwamba Igoma ina makaburi ya MV Bukoba. Meli hiyo ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza kutoka Bukoba na Kemondo. Hesabu rasmi ilikaribia vifo 900. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Robert Kisanga ilifanya kazi yake, na nchi ikajifunza maneno ambayo awali yalikuwa ya wataalamu tu: uthabiti wa meli, orodha ya abiria, cheti cha ubora.

Meli ile haikuwa nzee. Ilikuwa imetengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo ilikuwa haijafikisha hata miaka 20. Wakati huohuo MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilikuwa ikielea katika ziwa hilohilo. Imeendelea kuelea kwa miaka mingi baadaye, na baada ya ukarabati mkubwa ilirudi majini mwaka 2020. Katika Ziwa Tanganyika, MV Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ikaibuliwa, na ikarudi kazini mwaka 1927. Imebeba vizazi vinne vya abiria.

Kisha likaja tukio la tarehe 20 Septemba 2018. Kivuko MV Nyerere, kilichojengwa mwaka 2004, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya katika kisiwa cha Ukara, kikitoka Bugolora siku ya gulio. Zaidi ya watu 220 walifariki. Uwezo wa kivuko ulikuwa abiria 101. Rais John Magufuli alilieleza taifa kwamba nahodha alikuwa ameuacha usukani kwa mtu asiye na mafunzo.

Ukiziweka meli hizi pamoja, utaona kwamba umri hautabiri lolote. Vyombo viwili vilivyoua vilikuwa vichanga kuliko vile vilivyodumu. Kilichoua ni idadi ya abiria ambayo hakuna aliyeihesabu kwa dhati, na katika mkasa wa pili ni mikono isiyofunzwa iliyoachiwa usukani. Vyeti havikukosekana. Kilichokosekana ni upimaji wa kweli nyuma ya cheti. Na MV Liemba haikudumu kwa bahati: imeopolewa, imefumuliwa, imebadilishwa injini, imekaguliwa tena na tena. Uzee wake ulitendewa kama sababu ya kuitunza.

Najua binadamu si meli. Mwili hauingizwi kwenye chelezo ukabadilishwa mabati. Na nisieleweke kuwa nasema umri hauna athari kwa dereva. Una athari. Jicho la mtu wa miaka 70 huhitaji mwanga mwingi zaidi kuliko la kijana, na huchelewa kupata nafuu baada ya kumulikwa na taa kali. Shingo huwa ngumu kugeuka. Uamuzi wa ghafla kwenye makutano huchukua muda mrefu zaidi. Dawa za presha na kisukari zinaweza kuleta kizunguzungu au usingizi. Isitoshe, mzee akipata ajali ndogo mifupa yake humlipisha zaidi. Barabara nazo zimebadilika. Baba alijifunza katika njia za vumbi ambako alipishana na magari machache kwa siku. Leo kutoka Kisesa hadi Igoma anapishana na bodaboda upande wa kushoto na wa kulia kwa wakati mmoja. Anayesema wazee wana tatizo la kuzungumzwa hasemi uongo. Ubishi wangu uko kwenye namna tunavyotaka kulitambua tatizo hilo.

Kanda inayojua alama humfanya nini mzee

Wale waliotaka baba abandikiwe alama pale Igoma huenda walikusudia usalama tu. Lakini sisi wa kandokando ya Ziwa hatuna haki ya kulisikia neno "alama" pamoja na neno "mzee" bila kushtuka.

Tangu miaka ya 1970 maelfu ya watu, wengi wao wanawake wazee, wameuawa katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na jirani zake kwa tuhuma za uchawi. Simeon Mesaki, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyaandika kwa kina mauaji hayo ya Usukumani. Alama iliyotumika kumtambua mchawi ilijulikana na kila mtu: macho mekundu. Bibi aliyepika kwa miaka 50 katika nyumba isiyo na dirisha, kwa kuni mbichi na kwa samadi ya ng'ombe iliyokaushwa kwa sababu miti ilikuwa imekwisha, alipata macho mekundu. Moshi ulikuwa ndio ugonjwa wake, na ugonjwa huo ukageuzwa ushahidi. Jirani aliyefiwa na mtoto, au ndugu aliyetaka shamba, alikuwa na mahali pa kuelekeza kidole.

Simfananishi mtu anayetaka stika kwenye kioo na muuaji mwenye panga. Nalinganisha jinsi fikra inavyofanya kazi. Katika hali zote mbili jamii ina hofu ya kweli: kule vifo vya watoto, huku ajali. Katika zote mbili inatafuta ishara inayoonekana haraka mwilini, inaipata kwa mzee, na inaacha kutafuta sababu. Macho mekundu yalizuia watu wasiulize kuhusu malaria na moshi. Mvi za baba zilizuia umati usiulize kuhusu mtoto wa jicho na taa ya nyuma. Inasikitisha zaidi kwamba mara zote mbili jibu lilikuwa katika macho ya mzee, ambayo hakuna aliyejitolea kuyatibu.

Historia ya kipande nayo inatupa somo. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika mfanyakazi alipewa kipande cha siku 30, na siku ambayo haikutiwa alama ilikuwa siku ambayo hakuifanyia kazi, hata kama mgongo wake ulijua vinginevyo. Kenya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande, na wengi walikivaa shingoni katika kasha la chuma. Watawala walisema ni kwa ajili ya utaratibu. Waliobeba walijua kwamba kitambulisho kinachovaliwa na kundi moja tu humfanya kila mwanakundi kuwa mtuhumiwa kabla hajatenda lolote. Kitambulisho cha Taifa tulichonacho leo ni kitu tofauti, kwa sababu moja ya msingi: tunakibeba sote.

Wenzetu wa mbali walikwisha jaribu

Si lazima tubahatishe jinsi alama ya dereva mzee itakavyofanya kazi, kwani Japani, nchi yenye wazee wengi kuliko karibu zote duniani, imeitumia. Mwaka 1997 ilianzisha alama ya jani kwa madereva wa miaka 75 na zaidi, na baadaye ikawahimiza hata wa miaka 70. Watu waliibatiza jina la jani lililokauka. Mwaka 2008 alama hiyo ilifanywa ya lazima kwa wenye miaka 75, malalamiko yakawa makubwa, na mwaka uliofuata adhabu ikasitishwa. Mwaka 2011 serikali ilibadilisha mchoro ukawa wa majani manne ya rangi mbalimbali, ili usionekane kama kitu kilichoanguka mtini.

Cha kujifunza zaidi ni njia ambayo Japani imeifuata tangu hapo. Mwaka 2009 ilileta kipimo cha uwezo wa akili kwa wenye miaka 75 na kuendelea wakati wa kuhuisha leseni. Kisha mwaka 2022 ikaongeza jaribio la kuendesha barabarani kwa wale wa umri huo waliowahi kufanya makosa fulani ya usalama. Nchi iliyoanza kwa kumbandika mzee jani imefika mahali inapoangalia ametenda nini.

Ulaya nako kuna majibu yanayotofautiana. Uingereza humtaka dereva kuhuisha leseni akifika miaka 70, na kisha kila baada ya miaka 3, lakini yeye mwenyewe ndiye anayetamka kuhusu afya yake. Januari 2019 Prince Philip, mume wa Malkia, aligongana na gari jingine karibu na Sandringham akiwa na miaka 97. Wiki chache baadaye aliirudisha leseni kwa hiari. Denmark ilifuta mwaka 2017 masharti ya kupimwa yaliyotegemea umri peke yake. Katika miaka ya 1990 watafiti waliilinganisha Finland, iliyokuwa ikiwapima afya madereva wazee mara kwa mara, na Sweden, isiyowapima. Hawakuona kwamba upimaji wa Finland umepunguza ajali za madereva wazee. Waliona jambo ambalo wabunge hawakulitarajia: vifo vya wazee waliokuwa wakitumia barabara bila gari vilikuwa vingi zaidi Finland. Mzee aliyenyang'anywa usukani hakutoweka barabarani. Alikuwa sasa anatembea kwa miguu, na huko hatari yake ni kubwa zaidi.

Nikilisoma jambo hilo namwona baba akivuka barabara ya Musoma kwa miguu saa moja usiku, au akiwa amepakiwa kwenye bodaboda isiyo na taa.

Mgomo wa 2015 na swali la nani alipe

Sisi wenyewe tuna kisa chetu kuhusu kurudiwa kupimwa, nacho hakihusu wazee. Tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi walisimamisha usafiri, na abiria walikwama Ubungo na katika miji mingine. Kiini cha mgomo kilikuwa sharti kwamba dereva wa gari la abiria au la mizigo arudi darasani kila anapohuisha leseni, ambayo wakati huo ilidumu miaka 3, na ajilipie. Serikali ilirudi nyuma siku hiyohiyo. Mwezi Mei waligoma tena, na safari hii mikataba ya ajira ilikuwa mbele katika madai yao.

Wengi waliusoma mgomo ule kama kiburi cha madereva wasiotaka kusoma. Nawasihi wanafunzi wangu wausome kwa makini zaidi. Sharti lenyewe lilikuwa na mantiki; nani asiyetaka dereva wa basi la Mwanza aliyenolewa upya? Lilianguka kwa sababu gharama yote iliwekwa kwa yule mwenye kipato kidogo kuliko wote katika mnyororo, na kwa sababu halikusema lolote kuhusu mwenye basi anayemtaka dereva huyohuyo aendeshe bila kupumzika na bila mkataba. Dereva alielewa kwamba anapimwa yeye ili wengine wasipimwe.

Tangu hapo tumepiga hatua. Sheria ya LATRA, Na. 3 ya 2019, imeipa mamlaka hiyo jukumu la kuwathibitisha madereva wa vyombo vya biashara. Mabasi ya masafa marefu yamefungwa mfumo wa kufuatilia mwenendo, na dereva hutambuliwa kwa kitufe chake binafsi. Hicho ndicho kitambulisho ninachokiunga mkono. Hakiko kwenye kioo ili wapita njia wakicheke. Kimeunganishwa na mwendo, saa za kazi na makosa, na hakijali kama aliyekibonyeza ana miaka 27 au 67. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitukumbusha kwamba ajali za barabarani ndizo muuaji wa kwanza wa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kama tungeamua kuwabandika alama wale wanaofia barabarani na kuuana huko, tusingeanza na wazee. Kwa sensa ya 2012 wenye miaka 60 na zaidi walikuwa asilimia 5.6 tu ya Watanzania.

Ninachopendekeza

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, mapendekezo yangu ni manne.

Kwanza, kipimo cha macho kiwe sehemu ya kila kuhuisha leseni, kwa madereva wote. Tangu 2019 leseni yetu hudumu miaka 5. Nilipohuisha yangu mara ya mwisho nilitoa malipo, picha na alama za vidole. Macho yangu hakuna aliyeyauliza. Nina miaka 46, na tangu mwaka juzi nasoma mitihani ya wanafunzi kwa miwani. Ningepaswa kuulizwa.

Pili, kuanzia miaka 70 kipimo cha afya kiwe cha mara kwa mara zaidi, tuseme kila baada ya miaka 2, kifanywe katika hospitali ya wilaya, na kisimgharimu dereva chochote. Matokeo yawe na ngazi. Si kila anayeshindwa anyang'anywe leseni: mwingine aruhusiwe kuendesha mchana tu, mwingine ndani ya wilaya yake, mwingine baada ya upasuaji. Masharti hayo yaandikwe ndani ya leseni, ambako askari atayaona akihitaji, na jirani hatayaona.

Tatu, jaribio la kuendesha barabarani liamriwe na mwenendo. Dereva wa umri wowote aliyesababisha ajali au kurudia kosa kubwa arudi kwa mkaguzi. Kwa kanuni hiyo baba angerudi, na kijana yule wa bodaboda angefika kwa mara ya kwanza.

Nne, na hapa ndipo penye uzito, tusianzishe kipimo chochote cha kuwaondoa wazee kazini bila kuamua watakula nini. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni jamii wazee wote wa miaka 70 na zaidi, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni kiasi kidogo, lakini ni tamko kwamba uzee una haki hata kwa aliyefanya kazi bila mkataba. Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, na pensheni kwa wote bado hatuna. Dereva anayejua kwamba akishindwa kipimo atalala njaa atatafuta cheti kwa njia yoyote, na tutakuwa tumerudi kwenye cheti kisicho na upimaji nyuma yake. Tunajua cheti cha namna hiyo kilitufikisha wapi. Makaburi yake yako Igoma.

Baba alifanyiwa upasuaji wa jicho miezi miwili baada ya ajali. Usiku ule wa tukio, tukiwa sebuleni, ndugu zangu walinituma mimi, kama mtoto mkubwa, nimwombe funguo. Nilimwamkia tena, ingawa nilikuwa nimekwisha kumwamkia, kwa sababu sikujua pa kuanzia. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi sikatai kupimwa. Lakini mnipime macho, msinipime mvi." Akaziweka funguo mezani, kati yetu, na sikuzichukua.

Tangu apone anaendesha mchana tu, Magu na Kisesa, na Igoma hafiki baada ya saa kumi na moja jioni. Amejiwekea sharti hilo mwenyewe, kwa kuwa hakuna sheria iliyomwekea. Leseni yake inaisha mwakani. Nimemwahidi kumsindikiza, na asubuhi hiyo tutapitia kwanza kwa daktari wa macho, yeye na mimi, tukae kwenye benchi moja na tusome herufi zilezile ukutani.